Kutoka Meno ya Bandia Hadi Ubavu wa Samaki

Siku mkinunua sangara pale mwaloni Kirumba, kabla hajafika kwenye kikaango mlazeni ubavu mumtazame vizuri. Kuna mstari unaoanzia nyuma ya shavu lake, unapinda kidogo, halafu unanyooka mpaka mkiani. Sato naye anao, ila wake umekatika: kipande cha juu kinaishia njiani na kingine kinaanzia chini yake, kama vile aliyemshona alikosea akaamua kuanza upya. Nimekula samaki wa ziwa hili tangu nikiwa mtoto kule Kisesa. Nimewapara magamba, nimewachana, nimewakausha, na mstari huo sikuwahi kuuona. Niliuona nikiwa mtu mzima mwenye wajukuu, siku nilipoingia kwenye kazi hii ambayo ninyi mnaianza sasa.

Rukia, ambaye ndiye mkuu wenu wa karakana, ameniomba niwaandikie ilivyokuwa mwanzoni. Nilimwambia mimi si mwandishi. Akasema niandike kama ninavyoongea. Basi mtanivumilia, maana nikiongea huwa napita kwa majirani wote kabla sijafika nyumbani.

Jina langu ni Leokadia, lakini hapo karakana mtasikia wakiniita Mama Meno. Kazi yangu ya maisha ilikuwa kutengeneza meno ya bandia. Miaka mingi nilikaa kwenye chumba kidogo nyuma ya kliniki ya meno, katika hospitali moja ya hapa mjini, nikiwatengenezea meno watu ambao wengi wao sikuwaona sura. Niliwajua kwa vinywa vyao tu. Daktari alikuwa ananiletea alama ya fizi za mgonjwa, mimi namimina plasta, naunda fizi kwa nta, napanga meno juu yake, nafunga kila kitu ndani ya kopo la chuma lililojaa plasta nyingine, kisha nachemsha. Nta inayeyuka yote inatoka. Pale ilipokuwa nta panabaki uwazi, na huo uwazi ndio unaojazwa plastiki ngumu ya rangi ya fizi.

Aliyenifundisha ni Mzee Tito, mtu wa Ukerewe, ambaye aliongea na plasta kuliko alivyoongea na watu. Hakuwa mkali. Tabia yake ilikuwa kuchukua kazi yako, kuigeuza mara moja mkononi, na kuirudisha mezani bila neno. Hapo unajua unaanza upya. Yeye ndiye aliyenifundisha kumimina kwa kona moja tu, uzi mwembamba kabisa, ili kinachomiminwa kisukume hewa mbele yake badala ya kuifungia ndani. Mpaka leo nikimimina uji kwenye kikombe wajukuu wangu wanacheka, kwa sababu namimina kwa kona.

Tulikuwa na vituko vyetu pia. Kuna mzee mmoja wa Bujora nilimtengenezea seti nzima ya juu. Alirudi baada ya wiki chache, akaketi mbele ya daktari kwa heshima zote, akasema meno ni mazuri na nyama anatafuna, lakini yanacheka. Daktari hakumwelewa. Mzee akafafanua kwamba alikwenda kwenye msiba wa shemeji yake, na watu walikuwa wanamtazama vibaya kwa sababu meno yalikuwa yanacheka wakati yeye mwenyewe analia. Nilikuwa nimeyapanga mbele mno, mdomo haufungi. Mzee Tito aliyachukua, akayageuza mara moja, akaniwekea mezani.

Sasa turudi kwa samaki.

Rukia alikuja kliniki nikiwa nimebakiza muda mfupi nistaafu. Alikuwa ametoka kusomea udaktari wa falsafa, binti wa familia ya wafanyabiashara wa pale Nyamagana, baba yake namfahamu, duka lao la vifaa vya umeme nimenunua balbu tangu ujana wangu. Nilidhani amekuja kung'oa jino. Akaniamkia, akaketi, akatoa sato kwenye mfuko wa plastiki, akamlaza juu ya benchi langu safi.

"Mama, nimeambiwa wewe unaweza kutengeneza kitu kidogo na laini kisiwe na povu hata moja," alisema. "Mimi nataka kutengeneza huu mstari."

Akanipa kioo cha kukuzia. Ndipo nilipoona kwamba ule mstari ni magamba yenye matundu. Akanieleza kwamba chini ya matundu kuna mfereji, na ndani ya mfereji kuna vinyweleo vidogo sana vilivyovikwa kofia za utelezi. Maji yakisogea nje, yanasogea na mle mferejini, vinyweleo vinalala upande mmoja au mwingine, na samaki anajua. Anajua kuna mwenzake amepita, kuna jiwe mbele, kuna kitu kinanyonya maji kule kushoto. Anajua hata gizani, hata kwenye tope.

Sikuamini hivyo hivyo tu. Siku iliyofuata alinipeleka kwenye chumba alichopewa kwa utafiti wake, mwanzo wa karakana yenu, akazima taa, tukabaki na kitochi chekundu ambacho alisema samaki hawakioni vizuri. Kulikuwa na sato mdogo kwenye tangi la kioo, ametulia. Rukia akadondosha tone moja la maji kwenye kona. Yule sato akageuka papo hapo, akatazama kona ile. Akadondosha kona ya pili, akageuka tena. Nikamwomba anipe na mimi nidondoshe. Nilidondosha mpaka samaki akachoka na sisi, akatupa mgongo.

Kwa nini alitaka kutengeneza ubavu wa samaki? Kwa sababu ya maji yetu. Ninyi mmezaliwa hapa, mnajua. Karibu na ufukwe, penye magugu maji na tope la mto, ukizama unaona kama umefungiwa ndani ya kikombe cha chai ya maziwa. Kamera haioni. Vile vyombo vinavyopiga sauti na kusikiliza mwangwi navyo vinachanganyikiwa penye kina kifupi na mizizi mingi. Wazamiaji wetu wanafanya kazi kwa kupapasa. Rukia alitaka chombo kidogo kitangulie mbele ya mzamiaji, kihisi maji yanaelekea wapi na kwa nguvu gani, kimwambie aliye juu.

Kwa hiyo nikastaafu meno nikaanza nywele. Binti yangu aliwaambia watu kanisani kwamba mama amefungua saluni ya samaki.

Mwaka wa kwanza ulikuwa wa kuharibu. Ninyi leo mna mashine ya kuchapa kalibu, lile umbo la kumiminia, mnachora kwenye kompyuta, mnakwenda kunywa chai, mnarudi kalibu imekwisha. Sisi tulichonga kwa sindano chini ya hadubini. Tulimimina silikoni, ule mpira laini, nywele zikatoka na mapovu. Kliniki nilikuwa na mashine ya kutikisa plasta ili mapovu yapande, karakana haikuwa nayo. Nikazunguka na kalibu mkononi nikitafuta kitu kinachotetemeka, nikakuta friji kuukuu la karakana, lile ambalo mota yake ikiwaka vikombe vinagongana. Nikaweka kalibu juu yake, mapovu yakapanda yenyewe. Lile friji lilikaa pale miaka mingi baada ya kuacha kugandisha, na mgeni akiuliza kwa nini halitupwi aliambiwa ni mtambo.

Jambo lingine mlishike. Kuna kipindi mpira wetu ulikataa kukauka. Unakaa siku nzima, bado unanata kama ulimbo. Rukia alipima upya mchanganyiko, akabadilisha chupa, akaandika barua pepe kwa wauzaji. Mimi nikakumbuka kwamba kliniki tulikatazwa kuushika mpira wa namna hii tukiwa na glavu zile za kawaida za hospitali, kwa sababu zina kitu ndani yake kinachouzuia usikauke. Tukazitupa, tukanunua za aina nyingine, tatizo likaisha. Rukia akanieleza kinachotokea kule ndani ni nini, kwa lugha ya kemia, na nilifurahi kujua mwisho wa habari ambayo kwa miaka yote nilijua mwanzo wake tu.

Kofia za utelezi nazo zilitusumbua. Wazo langu la kwanza lilikuwa unga ule wa kliniki wa kuchukulia alama ya fizi. Unauchanganya na maji, unaganda kama jeli. Ulikaa vizuri mno, kwa muda mfupi. Ulipokauka ukasinyaa, ukang'oa nywele zote. Tena ule unga umetiwa harufu ya mnanaa ili mgonjwa asitapike, kwa hiyo karakana nzima ilinukia dawa ya meno.

Hapo ndipo anapoingia Makoye.

Makoye alikuwa mzamiaji, Msukuma wa Magu, mtu mpana wa kifua, aliyefanya kila kazi ya chini ya maji kuzunguka mji: kukagua matumbo ya boti, kuziba nyavu za vizimba vya samaki, kufungua mabomba yaliyoziba. Rukia alimlipa awe anazama pamoja na chombo chetu, atuambie anachokihisi kwa mwili wake, nasi tulinganishe na kompyuta. Siku ya kwanza alinisalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," yaani umeamkaje mama, nikamwitikia, akainama akanusa chombo. Kilikuwa kama kambare wa plastiki, urefu wa mkono, kimebandikwa mpira kila upande, kina mota ndogo mkiani ya kukisukuma, na waya mrefu unaoleta habari juu. Akasema hajawahi kuona samaki aliyepiga mswaki.

Alikuwa mtu wa utani, lakini kwenye kazi alijiamini kuliko alivyoamini kitu chochote kingine. Kanuni yake aliirudia kila mahali: pampu ikizimwa, bomba limekufa. Rukia alijaribu mara kadhaa kumweleza kwamba maji hayahitaji pampu ili yavute, yanahitaji tu kuwe na upande ulio juu na upande ulio chini. Makoye alitikisa kichwa kama mtu anayemheshimu mwalimu wa mtoto wake.

Tena tulimpa sababu ya kutotuamini. Tulikwenda kujaribu chombo Kigongo, enzi zile magari bado yanavuka kwa kivuko kwenda Busisi na ninyi wengine mnapanga foleni kwenye jua. Siku hizi mnapita darajani mmelala. Tulitumbukiza chombo karibu na ufukwe, na kwenye kompyuta mistari ya upande wa kulia ikapanda ghafla. Rukia akapiga kelele kwamba kuna mvuto mkubwa, Makoye atoke. Makoye akatoka mbio, akakaa juu ya jiwe anahema. Kumbe ni kivuko kilikuwa kimepita, na wimbi lake limefika. Chombo hakikuweza kutofautisha wimbi linalokuja na kurudi na maji yanayokwenda upande mmoja. Abiria waliokuwa wanasubiri kupanda waliona jitu zima linakimbia maji yasiyofika magotini. Makoye alicheka siku hiyo, na akaendelea kutucheka kila tulipokutana, kwa simu pia.

Rukia alirudi kwenye samaki. Alisema tulichotengeneza ni nusu tu. Nywele zetu zilikuwa wazi juu ya mpira, zinapigwa na kila kitu, ilhali nyingi za samaki zimejificha ndani ya mfereji, na zile za mferejini ndizo zinazopima tofauti kati ya tundu moja na jingine. Tukiwa na za nje na za ndani pamoja, kompyuta itaweza kutenganisha wimbi na mvuto. Kwa hiyo tulihitaji mfereji ndani ya mpira, mwembamba, wenye matundu nje, na nywele zimesimama ndani bila kuguswa na mkono.

Utatoboaje mfereji bila kukata nywele? Tulijaribu waya, ukichomoa unafagia kila kitu. Tulijaribu kubandika vipande viwili, vikavuja. Nikaenda nyumbani nimechoka. Nilikuwa nachemsha maharage siku ile, natazama mvuke unavyoinua kifuniko, na mawazo yakarudi kwenye kopo langu la chuma la kliniki. Mfereji si kitu cha kutoboa. Mfereji ni uwazi, na uwazi unatengenezwa kwa nta.

Kesho yake nilisokota nta nyembamba kama tambi, nikaipitisha juu ya nywele zilizokwisha kusimama, nikazizika ndani yake taratibu, nikamimina mpira juu ya yote. Ulipokauka tukauweka kwenye maji ya moto. Nta ikatoka kwenye matundu, tone moja moja, ikaelea juu. Rukia aliweka hadubini, akatazama kwa muda mrefu, kisha akasogea ili nitazame. Nywele zilikuwa zimesimama mferejini, zimenyooka. Tukashikana mikono tukacheza pale katikati ya karakana, bibi mwenye wajukuu na daktari wa falsafa, mpaka mlinzi akaja kuuliza kuna nini.

Chombo kipya tulikuwa tumekijaribu kwenye tangi na kwenye maji tulivu, kikafanya vizuri. Lakini tangi ni tangi. Tuliposikia Makoye ameitwa kufungua bomba la mradi mmoja wa maji wa vijiji, upande wa mashariki mwa mji, Rukia akamwomba twende naye. Alikubali kwa sharti kwamba tusimcheleweshe.

Tulikuta hali mbaya. Mradi wenyewe ulikuwa hivi: bomba nene linatoka ziwani, chini ya maji, linaingiza maji kwenye kisima cha zege kilicho ufukweni, na pampu inayanyonya kutoka kisimani kuyapeleka kwenye tangi la mlimani. Magugu maji yalikuwa yameufunika mdomo wa bomba kule ziwani. Vijiji havikuwa na maji siku kadhaa. Njiani tulipita kina mama wamepanga ndoo kwenye bomba kavu, na mwenyekiti wa kamati ya maji alikuwa anampigia mwendesha pampu kila baada ya dakika chache, naye kila mara anajibu kwamba mzamiaji ameshafika.

Makoye alimuuliza mwendesha pampu kama pampu imezimwa. Imezimwa, na swichi imefungwa kwa kufuli. Makoye akaanza kuvaa. Kazi ilikuwa rahisi kwa maneno: azame, apapase mpaka kwenye wavu wa chuma wa mdomo wa bomba, ang'oe magugu kwa mikono.

Rukia akamwomba achelewe kidogo tu, chombo kitangulie. Makoye alimtazama mwendesha pampu, akatazama simu inayolia, akasema sawa, wakati anafunga mikanda. Nikakitumbukiza mimi mwenyewe. Kikaenda, waya unajifungua nyuma yake. Maji yalikuwa meusi ya magugu, baada ya hatua chache hatukukiona tena. Tukabaki na mistari kwenye kompyuta.

Mwanzoni mistari ilicheza kidogo, mawimbi ya kawaida. Halafu ile ya kushoto, ya mferejini, ikaanza kupanda. Haikupanda na kushuka kama siku ya Kigongo. Ilipanda ikabaki juu, na kadiri chombo kilivyosogea ilizidi.

Rukia akasema polepole, "Kaka Makoye, maji yanaingia. Bomba bado linavuta."

Makoye hakukasirika. Aliendelea kufunga mkanda, akasema labda kuna kivuko kimepita. Mwendesha pampu akacheka. Akarudia kwamba pampu imezimwa tangu asubuhi, kila mtu ameona kufuli. Nilimtazama Rukia na nikaona uso wake unasita. Alikuwa ameshapiga kelele mara moja bure mbele ya abiria wote wa Kigongo, na mtu akishaaibika hivyo, mara ya pili ulimi unakuwa mzito. Nami nikajiuliza kama nta ilibaki mferejini, kama nywele zimelala, kama ni kazi yangu ndiyo inayosema uongo.

Rukia akasema tukirudishe chombo, tukisogeze tena, tuone. Nikavuta waya. Haukuja. Nikavuta kwa nguvu, ukakaza kama umefungwa kwenye mti. Rukia akashika nyuma yangu, tukavuta wote wawili, miguu inazama kwenye mchanga, na waya haukusogea.

Makoye alikuwa ameshaingia maji ya kiunoni. Akatuona, akarudi, akasema tumenasa kwenye mizizi, tumpe. Akaushika waya kwa mikono yake miwili. Mnakumbuka nilivyosema, mpana wa kifua, mtu wa kuinua nanga. Akavuta. Waya ukaja kidogo, kisha ukarudi ulikotoka, ukamtoa mikononi mwake polepole huku ameushika. Mizizi haivuti. Mizizi inashika tu. Kitu kilichokuwa upande wa pili kilikuwa kinavuta.

Akaachia. Akasimama pale anatazama viganja vyake.

"Hicho kinavuta," akasema. Alikuwa kama anayejiambia mwenyewe.

Rukia alikwenda kwenye kisima cha zege, akamwomba mwendesha pampu afungue kifuniko. Tukainama wote. Maji yalikuwa chini kabisa, karibu na sakafu, tukasikia yanaingia kwa sauti nyembamba. Hapo Rukia akatueleza, na safari hii Makoye alisikiliza. Bomba lilipoziba, waliendelea kuiwasha pampu wakibahatisha mpaka asubuhi ile, ikanyonya kisima kikakauka. Pampu ikazimwa, sawa, lakini ziwa liko juu na kisima kiko chini, na katikati kuna kizibo cha magugu chenye tundu moja tu. Maji yote ya ziwa yalikuwa yanataka kupita kwenye tundu lile. Chombo chetu kimekwenda kuliziba. Mzamiaji angefika pale gizani, akapapasa, akang'oa magugu kwa mkono, mkono ungeingia wa kwanza.

Mwendesha pampu aliondoka akaenda kumpigia mwenyekiti, na safari hii yeye ndiye aliyeongea sana.

Dawa yake ilikuwa nini? Kungoja. Kisima kijae mpaka kilingane na ziwa, mvuto ufe wenyewe. Mwendesha pampu akafunga jiwe kwenye kamba tukawa tunapima kimo cha maji. Tukakaa kivulini mwa kibanda cha pampu. Makoye alikuwa amevua mtungi wake wa hewa, hakutania. Mwenyekiti alikuja kwa bodaboda na hasira zake, akatazama kisimani, akasikia ile sauti, akaomba kiti. Jua lilipanda, likapita utosi, likaanza kushuka. Kina mama walituma mtoto kuuliza, akarudishwa na jibu kwamba maji yatakuja ila si sasa hivi.

Kompyuta ilikuwa bado inawaka. Mistari ya kushoto ilikufa mapema, nikajua nywele za upande ule zimeng'oka. Ya kulia ilikuwa hai. Ilishuka taratibu, taratibu, kama mtu anayeingia usingizini. Rukia hakuondoa macho. Mstari ulipolala kabisa akaniita nitazame, na tukiwa tumeinamia kioo, Makoye akatuonyesha kidole ziwani. Katikati ya magugu, kile kikambare chetu cha plastiki kilikuwa kimejitokeza juu ya maji, chali, kinaelea. Hakuna aliyekivuta. Bomba lilikuwa limekiachia.

Makoye alizama. Alikaa chini muda wake, magugu yakawa yanapanda juu mafungu mafungu, akatoka, akasema wavu umepinda na una tundu la kupitisha kichwa cha mtu. Akazama tena kuufunga. Jioni ile pampu ikawashwa.

Tulipokuwa tunafunga vitu, alikuja akachuchumaa karibu na beseni nilimokiweka chombo. Ubavu wa kushoto ulikuwa umechanika wote, mpira unaning'inia. Akaniuliza kama wa kulia bado unafanya kazi. Nikawasha kompyuta. Akatumbukiza kiganja kwenye beseni, mbali na chombo, akakisogeza kidogo. Mstari ukainuka. Akasogeza kwa kidole kimoja. Ukainuka kidogo tu. Akafanya hivyo kwa muda mrefu, mtu mzima na beseni, na sisi tukamwacha.

Kisha akafuta mkono kwenye suruali, akampigia mke wake simu, akamwambia anakuja kula nyumbani na ana wageni wawili.

Tulikula dagaa na ugali kwake Igoma. Mke wake alikuwa mchangamfu, alituuliza habari za kazi, tukajibu kwamba nzuri. Hakuna aliyemweleza zaidi ya hapo, maana hilo lilikuwa la mumewe kulisema au kutolisema. Makoye alikula tonge baada ya tonge, akamaliza mboga yote. Mke wake akamtazama, akamuuliza leo njaa hiyo ameitoa wapi.

Akasema hajui, akaomba aongezewe.